Okidi Yangu Imenyauka, Niiongezee Maji?

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Nilizawadiwa okidi yenye maua ya zambarau. Maua yalipopukutika nikaihamishia kwenye chungu kizuri, nikajaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Kwa jua hili letu naimwagilia kila asubuhi, lakini majani yamelegea na kujikunja. Niongeze maji?
Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze hata tone. Itoe kwanza chunguni uitazame mizizi. Jani la okidi hulegea kwa kiu, ndiyo, lakini hulegea vilevile mizizi inapokufa, na kwa maelezo yako nahofia ni hili la pili: maji yapo tele, mizizi ya kuyanywa haipo.

Okidi inayouzwa sana mjini, yenye majani mapana na kikonyo kirefu cha maua, ni falenopsisi. Kwao ni misitu ya Asia yenye mvua nyingi, na huko haioti ardhini. Hujishika kwenye magome ya miti. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe inayofyonza mvua kama sifongo, kisha upepo unaikausha. Udongo na samadi vimeiziba hewa. Mzizi unakosa pumzi, unaoza.

Ushike mmoja mmoja kwa vidole. Ulio hai ni mgumu. Ukiwa mkavu una rangi ya kijivu cha fedha, ukiulowesha unageuka kijani mbele ya macho yako. Uliooza ni wa kahawia na unabonyea. Ukiuvuta, ngozi inavuka na kubaki uzi mwembamba. Huo ukate wote, kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto na kupoa, halafu paka mdalasini wa unga penye jeraha tu. Ikibaki mizizi mizima miwili mitatu, usikate tamaa.

Sasa sahau udongo. Vunja mkaa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, chekecha vumbi lote, uloweke usiku kucha. Changanya na vipande vya makumbi ya nazi, kwa sababu hewa yetu kavu hukausha mkaa mtupu upesi mno. Ukiwa na ndugu anayetoka Mafinga, mwombe akupitie maganda ya misonobari kwenye mashine za mbao. Hayo ni bora zaidi. Chombo nakushauri dumu la maji ya kunywa la lita 5, lile linaloonyesha ndani. Likate juu, litoboe kwa msumari wa moto chini na ubavuni, matundu mengi. Nalipenda kuliko vyungu vya urembo kwa sababu unaiona mizizi bila kuisumbua.

Baada ya kupanda, iache siku chache vidonda vikauke. Kisha mwagilia kwa kutazama rangi: mizizi ikiwa kijani, acha, ikirudi kijivu, tumbukiza dumu kwenye beseni la maji dakika 10, litoe, lichuruzike mpaka liishe kabisa. Miezi ya upepo, Agosti hadi Oktoba, utafanya hivyo mara nyingi kuliko wakati wa masika. Usijipangie ratiba.

Na maji yenyewe. Visima vyetu vingi vina chumvi. Angalia utando mweupe ndani ya birika lako. Chumvi hiyo hujikusanya kwenye mkaa na kuunguza ncha za mizizi. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba uyatunze kwa ajili yake.

SWALI: Mama, okidi yangu imetoa mizizi inayoning'inia nje ya chungu. Mke wangu anataka tuikate, eti inachafua sebule.
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Mwambie mama asiiguse. Ni mizizi mizima, inakunywa unyevu wa hewani, na ukiilazimisha kuingia chunguni itavunjika. Inyunyizie maji asubuhi, kamwe si jioni: Juni na Julai usiku wetu ni wa baridi, na maji yakilala katikati ya majani yanaozesha moyo wa mmea. Ukiyaona yametuama hapo, yakaushe kwa kitambaa safi kabla jua halijazama.