Kahawa: Je, tuombe serikali iwe mnunuzi pekee?

Mdogo wangu wa Mbale, Uganda, umeuliza kama uunge mkono wanachama wenzako wa ushirika wanaotaka serikali iwe mnunuzi pekee wa kahawa na ipange bei, kwa kuwa walanguzi wanawapunja. Usiunge mkono.

Hasira yenu naielewa. Mlanguzi anakuja na mizani iliyochezewa, ananunua kahawa ingali maua mtini kwa sababu mtoto anadaiwa karo. Lakini huyo unaweza kumkataa, ukamngoja mwingine. Tangu sheria ya 1969 hadi mageuzi ya miaka ya 1990, kahawa ya Uganda iliuzwa nje na Bodi ya Masoko ya Kahawa, chombo cha serikali, peke yake. Bei ilitoka Kampala. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipaa, na mkulima wetu akaambulia sehemu ndogo tu. Wazee wa Bugisu, eneo lenu la Mbale, wakabeba magunia usiku kuvuka mpaka kwenda kuuza Chepkube, Kenya, wakiwakwepa askari. Kuuza jasho lako mwenyewe kukawa kosa la jinai! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata hasara ya pesa.

Anayepanga bei ya zao lako lote ameshika karo ya mwanao pia. Utamkosoa vipi mkutanoni?

Dai mizani iliyokaguliwa, bei za kila siku zibandikwe, na ushirika uwakopeshe wanachama kabla ya mavuno. Anza na huo mkopo.