Maneno ya ruta yanayochanganya: jua kwanza uko upande gani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudumia mitandao midogo hapa Moshi, ya nyumba za wageni, ya maduka ya steshenari na ya ofisi za watu binafsi, na mara nyingi ninapoitwa sikuti kifaa kilichoharibika. Nakuta ruta nzima, waya mzima, na mipangilio iliyobadilishwa na mtu makini ambaye alilisoma neno kwa maana moja ilhali programu ya ruta ililikusudia kwa maana nyingine. Ushauri wangu mkubwa nauweka hapa mwanzoni kwa sababu mengine yote yanautegemea: ruta inasimama kati ya upande wa ndani na upande wa nje, na karibu kila neno utakalolikuta humo lina upande wake. Kabla hujajaza kisanduku chochote, jua uko upande gani.

Upande wa ndani, zilipo simu, kompyuta na printa zako, huitwa LAN. Upande wa nje, unaoelekea kwa kampuni inayokuuzia intaneti, huitwa WAN. Tatizo linaanza na neno la tatu, WLAN, ambalo kwa herufi zake linafanana sana na WAN, lakini maana yake ni Wi-Fi, yaani ni sehemu ya upande wa ndani. Nimeshawahi kuitwa dukani kwa mama mmoja aliyetaka kubadili nywila ya Wi-Fi, akaingia ukurasa wa WAN, akafuta nywila aliyoiona pale na kuandika mpya. Ile aliyoifuta ndiyo ambayo ruta ilikuwa ikiitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, na intaneti ikakatika hapo hapo.

Mimi mwenyewe somo hili nililipata Majengo, kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yangu. Aliniomba nifikishe Wi-Fi kwenye vyumba vya nyuma. Nikanunua ruta ya pili, nikavuta waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ile mpya, nikajaribu kwa simu yangu, ikafunguka, nikaondoka. Jioni akanipigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hawa wageni wananiambia Wi-Fi inaonekana imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Na wengine wako chumba hicho hicho wanaendelea vizuri tu.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba jibu. Ruta zote mbili zilikuwa zimewashwa DHCP, ambayo ndiyo huduma ya kugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga. Ruta ya kwanza ilikuwa na anwani 192.168.1.1, ya pili 192.168.0.1, na kila simu iliyoingia ilipokea anwani kutoka kwa ile iliyowahi kujibu. Lakini DHCP haigawi anwani peke yake, humwelekeza mgeni pia lango la kutokea. Ruta ya pili ilikuwa ikijitaja yenyewe kuwa lango, wakati kwa nyuma yake, kwenye tundu lake la WAN, hapakuwa na waya wowote. Waliopewa lango hilo walikuwa wameelekezwa kwenye ukuta.

Neno hilo la lango lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaandikwa kwa namna moja katika kurasa mbili zenye makusudi tofauti. Kwenye ukurasa wa LAN au wa DHCP, lango ni ruta yako yenyewe, kwa kuwa vifaa vyako hutokea kwake. Kwenye ukurasa wa WAN, lango ni kifaa cha mtoa huduma, kwa kuwa ruta nayo ina mahali pake pa kutokea. Ukiandika anwani ya ruta yako kama lango kwenye ukurasa wa WAN, unaiambia ruta itoke kupitia yenyewe. Dawa ya pale Majengo ilikuwa kuzima DHCP kwenye ruta ya pili na kuipa anwani 192.168.1.2, iliyo nje ya zile zinazogawiwa, ambazo niliziwekea mpaka kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Msimu wa wapanda mlima ulipofika, wageni wapya wakaanza kukosa anwani kabisa. Katika mipangilio ya DHCP kuna muda wa kupanga, nami zamani nilikuwa nikiupita nikidhani unahusu malipo ya kifurushi. Maana yake ni kwamba anwani hupangishwa kama chumba, na kabla ya muda kwisha hubaki na jina la aliyepanga hata kama hayupo. Mimi nilikuwa nimeandika siku saba. Wageni wanaopanda kwa njia ya Machame hulala usiku mmoja, huunganisha simu na tableti, kisha huwa mlimani siku sita au saba, na muda wote huo anwani zao zinawasubiri. Kwa nafasi 100 na makundi yanayopishana kila siku, zilijaa. Nikaupunguza muda uwe saa mbili, na shida hiyo haijarudi.

Neno jingine linalowasumbua watu ni NAT, yaani vifaa vyote vya ndani kutumia anwani moja ya nje, na njia bora niliyoipata ya kulieleza ni sanduku la posta. Shule nzima hutumia S.L.P. moja. Mwanafunzi akiandika barua, jibu linakuja kwenye sanduku la shule, na karani anajua nani alikuwa akisubiri barua kutoka wapi. Ruta hufanya kazi hiyo ya karani. Anwani zinazoanza na 192.168 ni kama majina ya mabweni: tangu 1996 zimetengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, na huko nje hakuna anayezifahamu.

Barua isiyosubiriwa na yeyote karani huiweka kando. Ndiyo sababu shangazi hakuweza kuitazama kamera ya getini akiwa Dar es Salaam, nami nikaambiwa nifungue poti. Poti nayo ni neno lenye maana mbili: kuna poti ambayo ni tundu la kuchomeka waya, na kuna poti ambayo ni namba tu, kama 80 au 443, inayoonyesha barua ni ya huduma ipi. Kuelekeza poti ni kumwachia karani agizo kwamba kila barua yenye namba fulani ipelekwe kwa kamera. Baadhi ya ruta huuita ukurasa huo seva pepe, na kazi ni ile ile.

Nilifanya hivyo, na kamera haikuonekana. Nilipofungua ukurasa wa hali ya WAN nikakuta anwani ya nje inaanza na 100.72. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma, ili wateja wengi watumie kwa pamoja anwani moja ya umma. Kwa lugha ya posta, sanduku letu lilikuwa ndani ya sanduku la mtu mwingine, na hakuna agizo kwenye ruta yetu ambalo lingemfikia karani wa huko juu. Basi angalia anwani hiyo kwanza kabla hujapoteza siku nzima kama mimi. Suluhisho lilikuwa kutumia huduma ya kamera yenyewe, ambayo huanzisha mawasiliano kutoka ndani. Wakati huo mtu alinishauri niwashe DMZ. Nakusihi usifanye hivyo. Katika mitandao ya makampuni DMZ ni eneo lililotengwa kwa ulinzi, lakini kwenye ruta nyingi za nyumbani ni agizo la kupeleka barua zote zisizo na mwenyewe kwa kifaa kimoja, kikiwa wazi kwa ulimwengu mzima.

Limebaki briji. Kwenye modemu ya mtoa huduma, kuiweka briji ni kuiamuru iache kazi ya karani na kupitisha kila kitu kwa ruta yako, na hilo husaidia pale ruta mbili zinapofanya NAT moja nyuma ya nyingine. Kwenye vifaa vya MikroTik, ambavyo mafundi wetu wengi wanavipenda, briji ni kuunganisha matundu kadhaa na Wi-Fi yawe mtandao mmoja wa ndani, huku ruta ikiendelea na kazi zake zote. Kwa hiyo fundi akikuambia kwa simu “weka briji”, muulize ni kwenye kifaa kipi, na kifaa hicho kiache kufanya nini.