Jina la ukoo MEDINA, maswali yenu leo nayajibu

Wanaoitwa Medina asili yao ni Madina ya Saudia? (msomaji, Tanga)

Hapana ndugu yangu, ila neno ni lile lile. Kwa Kiarabu madina ni mji tu, basi. Waislamu waliingia Hispania 711 wakatawala mamia ya miaka, na wafalme Wakristo walipoiteka miji yao majina mengi yakabaki, ndo maana leo kuna Medina del Campo, Medina de Rioseco, Medinaceli, na kule kusini upande wa Cádiz kuna Medina Sidonia. Sasa mtu akihama hapo akaenda kukaa Seville wenyeji wanamwita "Pedro de Medina", kama sisi tunavyosema Juma wa Pangani, watoto wakarithi, na kwa wengi hiyo "de" ikadondoka njiani. Mi napenda sana hii historia maana Kihispania na Kiswahili vimechota kisima kimoja: sukari wao wanaita azúcar, zeituni ni aceituna, na kadhi wetu kwao kawa alcalde, yaani meya!

Kwa hiyo akina Medina wote ni ukoo mmoja?

Hapana. Miji ni mingi, waliohama ni wengi.

Nimesikia kuna Wayahudi wanaitwa Medina, ni kweli? (Mombasa)

Kweli kabisa. Mwaka 1492 Malkia Isabella na mumewe Ferdinand waliwafukuza Wayahudi waliokataa kubatizwa, wengi wakakimbilia himaya ya Waturuki na majina yao ya Kihispania wakaondoka nayo. Samuel de Medina (1505–1589) alikuwa rabi mkubwa Salonika, leo ni Ugiriki, na watu waliandika toka mbali kumuuliza mambo ya sheria. Halafu 1700 kule Uingereza Mfalme William wa Tatu akampa Solomon de Medina cheo cha Sir, Myahudi wa kwanza kukipata bila kuacha dini yake. Na huyo Isabella alifia wapi 1504? Medina del Campo. Hapo huwa natulia kidogo, mji aliofia malkia na jina walilobeba aliowafukuza, neno moja.

Mbona Wahispania wana majina mawili ya ukoo? (Nairobi)

La kwanza la baba, la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi lake. Tangu sheria ya 1999 wazazi wakikubaliana la mama linaweza kutangulia.

Niko Muscat, kazini kuna Wafilipino wana majina ya Kihispania, wana damu ya huko?

Wengi wala hawana, dada yangu. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania kule, Narciso Clavería, aliona watu hawana majina ya ukoo ya kueleweka, kodi inasumbua kukusanya, akatoa orodha ndefu ikapelekwa mikoani na familia nyingi zikapewa majina humo. Kuna miji ambayo karibu kila mtu jina lake linaanza na herufi moja, sababu walipelekewa kurasa za herufi hiyo tu.