Mama Aliyeitikia "Sí" kwa Kila Swali

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayemalizia shahada ya ustawi wa jamii Dar es Salaam. Ameanza kujifunza Kihispania kwa simu, anatamani kuja Marekani kusomea shahada ya uzamili, na anauliza kama Kihispania hicho kitamtosha kufanya kazi na wahamiaji wa Kilatino. Nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu, lakini swali lake limetonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Nilifika Oakland, California, nikiwa na Kisambaa, Kiswahili na Kiingereza. Miaka ya masomo nitairuka, kwa kuwa haina simulizi: madarasa, madeni, na saa 900 za mafunzo kwa vitendo ambazo kila mwanafunzi wa uzamili wa fani hii hutakiwa kuzitimiza. Kihispania nilikipata kwa jasho langu, na nakiri kwamba nilijivunia mno. Aliyekulia katika Kiswahili hukutana na ndugu njiani: sukari ni azúcar, meza ni mesa, na hata hasta yao inafanana na hata yetu, maana Waarabu walikaa kwao kama walivyokaa kwetu, na meza tuliachiwa na Wareno, jirani zao. Nilipoajiriwa na shirika moja mtaa wa Fruitvale, nilikuwa Mwafrika pekee ofisini aliyeweza kuwaamkia wazee kwa maneno ya heshima, doña na usted, bila kukosea, nami nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Mwaka 2019 nilikabidhiwa faili la mama mmoja kutoka Huehuetenango, nchi ya milima magharibi mwa Guatemala, mwenye mwana wa miaka tisa na binti mdogo aliyeugua pumu. Nilimtembelea mara nne. Nilimweleza habari za kliniki, tarehe za daktari na fomu za Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo, ambayo tangu Mei 2016 iliwafungulia mlango kamili hata watoto wasio na vibali. Kila nilipouliza kama ameelewa, alijibu "sí", yaani ndiyo, huku akitabasamu na kutazama chini. Nilipokwama nilimgeukia mwanawe amfafanulie. Miadi mitatu ilipita bila wao kutokea, nami nikaandika katika faili kwamba mteja hatoi ushirikiano.

Mama yule hakuwa akikijua Kihispania, isipokuwa maneno machache ya sokoni. Lugha yake ni Kimam, mojawapo ya lugha zaidi ya 20 za Kimaya zinazozungumzwa Guatemala, na Oakland ina wasemaji wengi wa lugha hiyo, hasa waliotoka Todos Santos Cuchumatán. Majirani walijua. Aliyeligundua jambo hilo ni muuguzi wa kliniki, ambaye alimtafuta mkalimani wa Kimam kwa simu, na kwa dakika ishirini tukayapata niliyoyakosa kwa miezi miwili. Mama alisikia kwamba ukijaza fomu ya bima utanyimwa makaratasi. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwa sababu mwaka huo serikali ilitangaza kanuni ya kuyahesabu baadhi ya misaada ya umma dhidi ya mhamiaji anayeomba ukaazi wa kudumu, kanuni iliyoanza kutumika Februari 2020 na kuondolewa Machi 2021. Bima ya mtoto haikuhesabiwa dhidi ya mzazi, lakini nani alimwambia kwa lugha yake? Mwanawe, kwa kumhurumia, alikuwa akiyaruka maneno yote ya kutisha.

Msimamizi wangu aliisoma ile sentensi yangu, kwamba mteja hatoi ushirikiano, mbele ya kikao kizima. Alikuwa na haki, na bado sijamsamehe sawasawa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliyajua haya tangu utotoni. Nikiwa na miaka kumi nilimsindikiza bibi yangu hospitalini kule Lushoto, muuguzi akimhoji kwa Kiswahili cha haraka, naye, ambaye Kisambaa ndicho kilichokuwa kinywani mwake, akiitikia "ndiyo, mwanangu" kwa kila swali, kwa sababu kwake kumkatiza mtu aliyevaa sare ulikuwa utovu wa adabu. Mkalimani nilikuwa mimi, na maradhi ya kike niliyaruka kwa haya.

Basi, mdogo wangu, kabla ya fomu yoyote uliza: nyumbani mnazungumza lugha gani? Usiulize kama anajua Kihispania, kwa maana atakujibu "sí". Usimtwishe mtoto kazi ya mkalimani. Mwombe mzazi akusimulie mwenyewe alichoelewa, na ukirithi faili la mwenzako, uliza lugha upya. Sisi Waswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, kwani mkimbizi kutoka Kivu Kusini, Kongo, ambako Kiswahili si kama chetu, huletewa mkalimani wa Kiswahili sanifu, huitikia kwa adabu, na nusu ya maneno humpita. Anayejiona mjuzi wa lugha ndiye hasa anayepaswa kuuliza, na ninawaambia hivyo wanagenzi wote ninaowafundisha sasa, hata wanaponuna.

Jihadhari pia na neno notario. Guatemala na Mexico notario ni mwanasheria kamili, ilhali Marekani mwenye cheo kinachofanana na hicho hushuhudia sahihi tu, na walaghai wanaishi kwa mkanganyiko huo. Shemeji wa mama yule alikuwa ameshamlipa mmoja wao. Ukilisikia neno hilo, weka fomu zako pembeni na umpeleke mtu kwa wakili wa uhamiaji, pamoja na mkalimani wa lugha yake.

Kihispania usikiache, kwa kuwa wateja wangu wengi ni wasemaji wake halisi. Mama wa Huehuetenango tungali tunakutana Fruitvale. Kimam changu ni neno moja tu, chjonte, yaani asante, na binti yake, ambaye sasa ni mkubwa, hunisahihisha matamshi kila mara.