Kutishiwa na jamaa mlioachana: sheria iko

Dada unayeuliza kama polisi watamfanya kitu huyo jamaa mlioachana anayetishia kuanika picha zako, ndio, sheria iko. Hapa Kenya ni ile ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 37 kinamshika anayesambaza picha za faragha, faini hadi shilingi 200,000 ama jela hadi miaka 2, lakini cha 27 cha unyanyasaji ndicho chenye meno, hadi milioni 20 ama miaka 10, na hapo hata meseji za kukutia hofu zinaingia (picha za uchi laki mbili tu, kweli? hizi hesabu alipiga nani). Usifute chati hata kama zinakuuma. Piga skrinshoti ionyeshe namba yake, tarehe na saa, na hiyo simu usiiuze, juu kortini ushahidi wa kielektroniki unataka cheti cha kueleza ulitolewa vipi. Halafu nenda stesheni, usitoke bila namba ya OB (kile kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti), wakikuchekea pale kaunta ulizia dawati la jinsia. Akishashtakiwa unaweza kuomba korti imzuie asiendelee, hata nje ya saa za kazi.