Kwa nini tabaka la kufyonza mawimbi linarudisha mwangwi?

SWALI: Ninaiga kwa kompyuta antena ya dipoli ya gigahezi 2.4 kwa mbinu ya Yee (inayokokotoa nyuga za umeme na sumaku kwenye gridi ya seli ndogo), kwa seli za milimita 1. Kingo za gridi nimezizungushia tabaka la Berenger, la kufyonza mawimbi yanayofika ukingoni, lenye unene wa seli 10. Nilipozidisha upitishaji umeme wa tabaka hilo mara kumi ili lifyonze zaidi, mwakisiko uliongezeka badala ya kupungua. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa ni huko kuzidisha kwenyewe. Jean-Pierre Bérenger alipochapisha mbinu yake mwaka 1994, alithibitisha kwamba wimbi huingia katika tabaka hilo bila kuakisiwa, liwe na masafa yoyote au pembe yoyote. Lakini uthibitisho huo ni wa milinganyo endelevu, ilhali kompyuta yako inaona ngazi za milimita moja moja, na kila upitishaji unaporuka ghafla kutoka seli hadi seli, sehemu ya wimbi hurudi.

Ndiyo maana upitishaji huanzia sifuri ukingoni mwa ndani na kupanda taratibu, aghalabu kwa kipeo cha tatu cha kina. Kilele kinachofaa hukadiriwa kwa kugawanya 3.2 kwa zao la omu 377 (ukinzani wa ombwe kwa mawimbi) na ukubwa wa seli, yaani karibu simensi 8.5 kwa mita kwako. Kwa kiasi hicho, wimbi linaloingia wima na kugonga ukuta wa nyuma hurudi, kinadharia, likiwa takriban moja ya milioni tisa ya ukubwa wake. Hakuna cha kuongeza hapo; mwangwi unaouona unatoka kwenye ngazi.

Hakikisha pia kwamba upitishaji wa umeme na ule wa sumaku umekokotolewa kila mmoja mahali pake, kwa kuwa katika gridi ya Yee nyuga za umeme na za sumaku zimepishana kwa nusu seli. Wengi hulisahau hili.

Antena nayo iwe mbali na tabaka kwa robo ya urefu wa wimbi, yaani milimita 31 hivi, kwa sababu nyuga za karibu zinazofifia bila kusafiri hazifyonzwi vizuri na tabaka la awali la Bérenger. Ukikosa nafasi, tumia toleo la tabaka hilo lililoboreshwa na Roden na Gedney mwaka 2000.

Kisha rudia uigaji katika gridi kubwa kiasi kwamba mwangwi hauwahi kurudi ndani ya muda unaoupima, utoe matokeo hayo katika yale ya gridi ndogo: kinachobaki ndicho mwakisiko wa mpaka wako.