Fundi Umeme Anajibu: Usiing'oe sensa

SWALI: Fundi, shikamoo. Taa ya uani kwangu ina sensa: mtu akipita inawaka, akitulia inazima. Sasa mama amehamia kwetu na choo kiko nje. Juzi alisimama kufunga kanga, giza likamkuta katikati ya ndoo. Nataka niing'oe sensa, taa iwake usiku kucha. Niunge nini na nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mpe mama pole. Kwanza panda ngazi mchana, utazame chini ya sensa. Kuna vifundo viwili au vitatu. Kile cha TIME kizungushe kuelekea alama ya kujumlisha. Mafundi wengi tunakiacha kama kilivyotoka dukani, sekunde chache tu. Huenda shida ya mama ikaishia hapo.

Ukitaka iwake usiku kucha kabisa, ongeza swichi ukutani. Sensa ya kawaida ina nyaya tatu: wa kahawia ni moto unaoingia, wa buluu nyutro (njia ya umeme kurudi), mwekundu ni moto unaokwenda kwenye taa. Swichi mpya ishike kahawia upande mmoja, nyekundu upande wa pili. Ukiiwasha, umeme unaipita sensa pembeni. Ukiizima, sensa inarudi zamu. Buluu usiilete kwenye swichi, utapiga shoti.

Huo mwekundu unadanganya. Nyumba za zamani, nyekundu ndiyo moto wa nyumba na nyeusi ni nyutro. Nami nilipoanza kazi niliunga nyekundu kwa nyekundu, nikashuka kwa madaha. Taa kimya! Bibi mwenye nyumba alinimiminia chai ya pili kabla sijagundua.

Testa ijaribu kwenye soketi yenye umeme, ndipo uzime meni swichi (si swichi ya taa peke yake) na kupima kila waya. Moto wa swichi mpya uchukue palepale kwenye sensa, usivute wa saketi nyingine. Kama sensa imejengwa ndani ya taa na kuzibwa, usiipasue; nunua taa isiyo nayo. Na kama hujazoea kushika waya, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

LUKU je? LED ya wati 30 kwa saa 12 inakula uniti 0.36. Halojeni ya wati 150 inakula 1.8, kila usiku. Kama ndiyo uliyonayo, badilisha taa kabla ya kununua swichi.